Maswali ya Wasomaji: Kuna Nini Chini ya Barafu ya Mto?

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya mashine ndogo ya rangi ya manjano, yenye ukubwa wa mkoba wa safari, ikishushwa kwa kebo ndani ya tundu lililotobolewa kwenye barafu ya mto nchini Kanada. Maelezo tuliyoyaweka chini ya picha yalisema tu kwamba hiyo ni droni ya majini inayotumiwa kuchunguza barafu. Barua zilizotufikia kutoka kila pembe ya Nairobi zimedai maelezo zaidi, na madai hayo ni ya haki. Tumechagua baadhi yake, tukianza na swali ambalo pasipo kulijibu hayo mengine hayawezi kueleweka.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza: mto unaotiririka utagandaje, ilhali maji yake hayatulii? Na ukishaganda, maji yanayoendelea kushuka kutoka milimani hupita wapi? – Mwalimu wa jiografia, Kasarani

Mwalimu, jibu linaanzia kwenye tabia moja ya maji ambayo bila shaka umeshaifundisha. Maji huwa mazito zaidi yanapokuwa na takriban nyuzi 4 za Selsiasi, na yakizidi kupoa kuelekea sufuri huwa mepesi tena. Ndiyo sababu ziwa tulivu la nchi za baridi huganda juu, huku maji ya chini yakibaki na nyuzi kama 4. Mto wenye kasi haufuati utaratibu huo. Mkondo huyachanganya maji ya juu na ya chini mfululizo, hivyo kina chote hupoa kwa pamoja hadi sufuri, na katika usiku wa baridi kali usio na mawingu maji yanaweza kushuka chini ya sufuri kwa sehemu chache za mia za nyuzi moja, yakiwa bado ni maji.

Hapo ndipo inapozaliwa barafu ambayo wataalamu huiita frazili. Ni visahani vyembamba vya fuwele, vingi vikiwa na kipenyo cha milimita moja hivi au pungufu, vilivyotapakaa majini kuanzia juu hadi sakafuni. Maji yakiwa yamepoa kupita kiwango cha kuganda, visahani hivi hunata kwenye kila kitu vinachokigusa: hunatana vyenyewe kwa vyenyewe, hunata kwenye mawe ya sakafu ya mto na kuyavika koti la barafu, hunata kwenye vyuma. Wanaoendesha mitambo ya kusafisha maji na ya kuzalisha umeme huihofia frazili kuliko barafu nene, kwa sababu inaweza kuziba kabisa nondo za kichujio kwenye mdomo wa bomba katika muda wa saa chache, wakati ambapo mtu aliyesimama ukingoni haoni barafu yoyote ya kumtia wasiwasi.

Mafungu ya visahani hivyo yakikua hupanda juu, yakageuka rojo la barafu, kisha yakaganda kuwa vipande vya mviringo vinavyosukumana na mkondo. Wakati huohuo barafu nyingine inakua kutoka kingo kuelekea katikati. Baridi ikidumu, vipande hukwama, hushikana, na mto hufunikwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Waambie wanafunzi wako kwamba kwa kawaida mto mkubwa haugandi wote; mto huezekwa. Maji ya milimani yanaendelea kupita chini ya paa hilo majira yote ya baridi, na mara tu paa linapokamilika uzalishaji wa frazili hukoma mahali hapo, kwa kuwa maji hayagusani tena na hewa inayoyanyang'anya joto.

Ukitaka kuwaonyesha maji yaliyopoa kupita kiasi, laza chupa ya plastiki ya maji safi, ambayo haijafunguliwa, kwenye friza kwa saa mbili au tatu bila kuitikisa. Huenda ukahitaji kurudia, lakini ukibahatika utaitoa ikiwa bado na maji, na ukiigonga mezani sindano za barafu zitaenea ndani yake mbele ya macho yao. Baridi ya friza ni kali zaidi ya ile ya mtoni, ila kanuni ni hiyohiyo.

Nilifanya kazi ya kupima mito kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Tulikuwa tukisoma kina kwenye ubao wa vipimo ukingoni, na jedwali likatupa kiasi cha maji yanayopita. Kwa nini wenzetu watumbukize droni badala ya kusoma ubao? – Mhandisi mstaafu, Lang'ata

Mhandisi, jedwali lenu lilitegemea sharti moja ambalo hapa kwetu halivunjwi na barafu, nalo ni kwamba sehemu ya juu ya maji iko wazi. Mto ukiwa wazi, maji hukwaruzana na sakafu na kingo peke yake. Ukifunikwa, maji hukwaruzana na barafu pia, hivyo mkondo unashikwa juu na chini. Kwa mto mpana ambao upande wa chini wa barafu una mikwaruzo sawa na ya sakafu, hesabu za kawaida za mikondo zinaonyesha kwamba kina kinapaswa kuongezeka kwa karibu theluthi moja ili kiasi kilekile cha maji kipite. Mto uliokuwa na kina cha mita 3 utahitaji karibu mita 4, tena kabla hujaongeza sehemu ya barafu iliyozama, ambayo ni kama tisa ya kumi ya unene wake. Msomaji wa ubao angeapa kwamba mto umefurika, kumbe maji hayajaongezeka hata kidogo.

Ugumu wenyewe uko kwenye neno «sawa» nililolitumia hapo juu. Upande wa chini wa barafu hauko sawa na sakafu, na haukai vilevile majira yote. Barafu iliyofanyika kwa vipande vilivyobanana huwa na kona na meno yaliyochomoza majini, na mkondo hukwama kwayo. Wiki kadhaa baadaye mkondo uleule umeyalainisha meno hayo, au umechonga mawimbi madogo yaliyopangana, mfano wa yale yanayochorwa na maji kwenye mchanga wa pwani ya Lamu. Kwingineko frazili iliyozalishwa kwenye maporomoko ya juu husafiri chini ya paa na kurundikana mahali ambapo mkondo umepunguza kasi, ikafanya lundo linaloning'inia kutoka kwenye barafu na kuacha njia nyembamba tu ya maji. Ukikadiria mikwaruzo vibaya, utakosea kiasi cha maji, utakosea umeme utakaozalishwa, na utakosea pia kiasi kinachobaki kwa miji iliyo chini ya mto.

Zamani njia pekee ya kuyajua hayo ilikuwa kutoboa matundu kwa keekee, moja baada ya jingine, na kuingiza fimbo au chombo cha kupimia kasi. Kila tundu lilitoa habari za mahali pamoja, na yaliyokuwa kati ya tundu na tundu yalikisiwa. Droni inaingia kwenye tundu moja na kuogelea chini ya paa ikipiga picha zinazopandana, na baadaye programu ya kompyuta inazilinganisha picha hizo na kujenga umbo la pande tatu la upande wa chini wa barafu. Ili picha ziwe na kipimo, vifaa vingi hubeba miale miwili ya leza inayokwenda sambamba kwa umbali unaojulikana, mathalani sentimita 10, ambayo huacha nukta mbili kwenye kila picha. Hesabu hizo zinapaswa pia kurekebisha upindaji wa nuru, kwa sababu kamera iliyo nyuma ya kioo bapa ndani ya maji huviona vitu kana kwamba ni vikubwa kwa karibu theluthi moja kuliko vilivyo.

Hata hivyo kamera peke yake haitoshi, na nisingependa wasomaji wadhani kwamba picha imechukua nafasi ya vipimo vingine. Kasi ya maji bado hupimwa kwa vyombo vinavyotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake kutoka kwa chembe zinazosafiri majini. Zipo pia sona, yaani vyombo vinavyopima kwa mwangwi wa sauti, zinazolazwa sakafuni zikiangalia juu, ambazo hufuatilia unene wa barafu na mapito ya frazili usiku na mchana, hata pale maji yalipojaa barafu kiasi kwamba kamera inaona ukungu mtupu. Thamani ya droni ni kuwaunganishia wataalamu vipimo hivyo, wajue kwamba mwangwi ule wa ajabu ulikuwa wa meno ya barafu, wala si wa gogo lililokwama.

Huko Tornio, nchini Finland, kuna kumbukumbu za siku ambayo barafu ya Mto Torne hupasuka kila mwaka tangu 1693. Upande wa juu wa barafu, basi, umeangaliwa kwa makini kwa zaidi ya miaka 300. Upande wa chini, unaoamua maji yapite vipi, umekuwa ukifahamika kwa kubahatisha, na ndiyo maana naona kazi hii inastahili gharama na taabu yake.

Kwa nini mashine hiyo ifungwe kebo wakati droni za angani zinaongozwa bila waya? – Fundi wa simu, Luthuli Avenue

Kwa sababu mawimbi ya redio humezwa na maji baada ya umbali mfupi sana, na ishara za setilaiti zinazoiwezesha simu yako kujua iko wapi hazifiki huko chini kabisa. Picha na amri hupitia kwenye kebo. Kebo pia ndiyo kamba ya uokoaji: mashine ikizimika chini ya barafu haiwezi kupanda juu popote, maana juu kumefungwa, kwa hiyo huvutwa kurudi kwenye tundu ililoingilia. Ubaya wake ni kwamba mkondo huivuta kebo yenyewe, na kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo rafadha, yaani mapanga yanayozunguka kuisukuma mashine ndogo, zinavyoshindwa kuuhimili mto.

Fundi, utapenda kujua pia kwamba hatari kubwa ya baridi haiko majini. Maji ya mto yako kwenye sufuri, ilhali hewa ya juu inaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sufuri. Mashine ikitolewa ikiwa imelowa, utando wa maji juu yake huganda mara moja, rafadha zikashikwa na kioo cha kamera kikafunikwa. Ndiyo maana tundu hutobolewa ndani ya hema lenye kipashajoto, na betri huwekwa mahali penye joto hadi dakika ya mwisho, kwani betri za lithiamu hupoteza sehemu ya nguvu zake kwenye baridi kali.

Barafu safi ni kama kioo, na maji safi ni kama kioo. Kamera inakionaje kisahani cha milimita moja katikati yake? – Msomaji, Umoja

Swali hili lilinifurahisha kuliko yote. Mbinu iliyotumiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta mjini Edmonton, katika mito kama North Saskatchewan na Kananaskis, ni kuweka vichujio viwili vya nuru vinavyotazamana, vikiachana kwa nafasi ndogo ambamo maji ya mto yanapita, taa ikiwa nyuma ya kimoja na kamera mbele ya kingine. Kichujio cha kwanza huruhusu nuru inayotikisika upande mmoja tu. Cha pili kimegeuzwa ili kiizuie nuru hiyohiyo. Maji hayabadilishi mtikisiko wa nuru, kwa hiyo kamera huona giza tupu. Fuwele ya barafu inaubadilisha, na nuru iliyopita ndani yake huponyoka kwenye kichujio cha pili. Kila kisahani huonekana king'avu kwenye giza, na kompyuta hukihesabu na kukipima.

Unaweza kulijaribu jambo hili hapo Umoja. Washa skrini ya kompyuta ya mkononi iwe nyeupe, uiangalie kupitia miwani ya jua yenye vioo vya kuchuja mng'ao, kisha izungushe miwani polepole hadi skrini iwe nyeusi. Sasa mwambie mtu apitishe rula angavu ya plastiki, ile ya seti ya hesabu ya wanafunzi, kati ya skrini na miwani. Rula itawaka rangi za upinde wa mvua huku kila kitu kingine kikibaki giza, na utaona mistari ya mikazo iliyoachwa na kiwanda ndani ya plastiki, ambayo hujawahi kuiona kwa macho. Sababu ya plastiki si sawasawa na ya barafu, lakini kinachotendeka kwa nuru ni kilekile.

Taabu ya watafiti hao ni kwamba frazili inayotafutwa hunata pia kwenye kamera. Usiku ulio mzuri kwa utafiti, yaani usiku maji yalipopoa kupita sufuri, ndio usiku ambao kifaa kinageuka donge la barafu kisipoangaliwa.

Mwanangu anasoma Edmonton na amenitumia picha akiwa amesimama katikati ya mto ulioganda. Je, nimkataze? – Mama, South B

Ndiyo, Mama, mkataze. Barafu angavu ya ziwa yenye unene wa sentimita 10 kwa kawaida humbeba mtu anayetembea kwa miguu, na huenda vijana wenzake wamemwambia hivyo. Barafu ya mto haiaminiki kwa kipimo hicho. Mkondo huila kutoka chini, na picha za chini ya barafu zinaonyesha jinsi unene unavyobadilika ndani ya hatua chache: karibu na nguzo za daraja, mahali mabomba ya maji ya mvua ya mjini yanapomwagia, na penye maji ya kasi, barafu inaweza kuwa nyembamba huku theluji ya juu ikiwa tambarare na nyeupe kama kwingine kote. Watafiti wenyewe hupima unene kila wanapopiga hatua mpya, huvaa mavazi ya kuelea, na hawaendi mmoja mmoja. Mwambie apige picha zake akiwa darajani.

Sisi wa Mathare tunajua mafuriko ya mvua, na ya mwaka 2024 hatutayasahau. Nimesikia kwamba barafu nayo huleta mafuriko. Inawezekanaje, wakati maji yameganda? – Msomaji, Mathare

Pole kwa yaliyowapata. Mafuriko ya barafu hayahitaji mvua, na wakati mwingine hayahitaji hata maji mengi. Majira ya joto yanapoanza, barafu hupasuka na vipande vyake kusafiri na mkondo. Vikikutana na kona, kisiwa, daraja au paa la barafu ambalo bado ni imara, hukwama, hupandana, na hufanya ukuta unaozuia mto. Maji nyuma ya ukuta hupanda kwa mita kadhaa katika saa chache. Mito inayoelekea kaskazini, kama Lena kule Urusi na Athabasca kule Kanada, imo hatarini zaidi, kwa kuwa barafu ya upande wa kusini, maji yanakotoka, hupasuka wakati ile ya kaskazini haijalegea. Mji wa Lensk kwenye Mto Lena ulizamishwa hivyo Mei 2001. Mwishoni mwa Aprili 2020, barafu ilikwama kwenye Mto Athabasca, maji yakaingia katikati ya mji wa Fort McMurray, na watu wapatao 13,000 wakalazimika kuhama nyumba zao, tena katika miezi ya mwanzo ya janga la korona.

Siku barafu inapopasuka hakuna anayetia droni majini, maana vipande vyenye uzito wa tani vingeisaga. Msaada wake hutangulia. Ukijua majira ya baridi yakiwa bado yanaendelea kwamba chini ya paa, kwenye kona fulani, kumeshaning'inia lundo linalobana njia ya maji, unajua pia ni wapi vipande vitakwama, na ni mitaa gani ionywe mapema. Saa chache za onyo ni jambo kubwa. Wewe wa Mathare huhitaji kuelezwa.

Nasomea uhandisi na ningependa kuingia kwenye kazi kama hii, lakini Kenya haina mto unaoganda. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Juja

Kijana, vijito na vidimbwi vya juu Mlima Kenya hupata utando wa barafu alfajiri, lakini huyeyuka jua linapopanda, na kweli hatuna mto wa kutembea juu yake. Tunayo mabwawa. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Ndakaini, na Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana limekuwa likijazwa na udongo kwa miongo mingi. Kukagua ukuta wa bwawa, milango ya kutolea maji na vyuma vya kichujio bila kumshusha mzamiaji ni kazi inayofanywa na mashine hizihizi, na ugumu wa kwetu ni tope, linaloipofusha kamera kama frazili inavyoipofusha kule. Mtu aliyejifunza kusoma picha ya sona pamoja na picha ya kamera atafaa pande zote mbili. Droni ndogo yenye uwezo wa kazi hugharimu shilingi laki kadhaa, kwa hiyo usianze kwa kununua.

Anza na picha, kwa kuwa huko ndiko saa nyingi za watafiti zinakopotelea. Jaza maji kwenye beseni, tandaza kokoto, weka rula katikati yake, na upige picha nyingi kwa simu isiyopitisha maji ukiisogeza kidogokidogo. Tumia programu huria za kuunganisha picha ujenge umbo la kokoto hizo, kisha upime kila kokoto kwa mkono na ulinganishe. Rudia zoezi ukichanganya kijiko cha udongo, halafu viwili, uone ni wapi kipimo kinapoharibika na kwa kiasi gani. Andika matokeo yote, hasa yale yaliyoharibika, uyapeleke kwa mhadhiri wako wa mikondo ya maji.